Mjukuu wa Mjini Kihambani

Kihamba ni shamba la ukoo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro: migomba, mibuni chini ya migomba, miti mirefu juu ya vyote, zizi la ng'ombe asiyetoka nje, nyumba, na makaburi ya waliotangulia. Kwa Mchagga, nyumbani ni hapo. Anaweza kuwa amezaliwa Temeke, akasoma Mbeya, akaoa Tanga na kustaafia Mwanza, lakini akiulizwa kwao atataja kijiji kimoja kilicho juu ya barabara ya lami, na akifa atapelekwa huko. Watoto wake huyarithi makao hayo pamoja na jina la ukoo, ingawa wamekulia Kimara au Tabata na migomba waliyoizoea ni ile miwili ya jirani inayoangusha majani uani kwao.

Mtalii anayeshuka kwenye lango la Marangu hupokewa na mwongozaji mwenye leseni, akaambiwa avae nini, anywe maji kiasi gani na asimame wapi. Mjukuu aliyetoka mjini na kushuka kituo cha Himo siku hiyohiyo haambiwi lolote, kwa sababu mtu haelekezwi kwao. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi, alihitaji kitabu kikubwa, kilichochapishwa mwaka 1926, ili kueleza sheria za Wachagga peke yake. Mjukuu anatarajiwa awe nazo kwenye damu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema Waswahili; kwa huyu zile siku mbili zilishahesabiwa tangu alipobatizwa, na jembe linamngoja mlangoni.

Wajukuu wa namna hii hawakuzaliwa mbali kwa bahati mbaya. Kihamba hakikui. Kwa desturi ya sehemu nyingi za mlima, mtoto wa kiume wa kwanza alimegewa kihamba chake, wa mwisho akabaki na nyumba ya baba, na wa katikati wakatafuta pengine. Zamani pengine palikuwa mteremko wa jirani. Miteremko ilipojaa, pengine pakawa Moshi mjini, Arusha na hatimaye Dar es Salaam. Kahawa ilisaidia kuwasukuma: wamisionari Wakatoliki waliileta mwishoni mwa karne ya 19, chama cha ushirika cha KNCU kikaanza kuiuza mwaka 1933, fedha zake zikalipa ada, na ada zikazaa walimu, makarani na wahasibu wengi kuliko ofisi za kijijini. Wasioajiriwa walifungua maduka, na ndiyo maana katika mitaa mingi ya Dar es Salaam mtoto akitumwa sukari hutumwa "kwa Mangi", cheo kilichokuwa cha watawala wa Uchaggani na sasa ni cha mwenye kaunta na friji ya soda. Kwa hiyo mtu akisema kwamba wengi wanaopanda Kilimanjaro kila Desemba ni uzao wa watoto wa katikati, hatakuwa amekosea sana.

Safari yenyewe haina maelezo mengi. Ni kilomita zipatazo 560 kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Mwanga. Wiki moja kabla ya Krismasi mabasi hujaa, nauli hupanda kinyemela, na barabara huwa na magari madogo mengi yenye magodoro juu. Treni ya abiria, iliyorudi kwenda Moshi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka ishirini, imewapunguzia wengine adha. Mizigo inayopanda ni mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni, kanga na mablanketi. Wapo pia waliowahi kumpelekea bibi krispi za ndizi kutoka supamaketi. Bibi huzipokea kwa mikono miwili, huzigeuzageuza, na huuliza kwa upole kama ni za ng'ombe.

Afikapo, mjukuu haulizwi jina. Huulizwa, "Wewe ni wa nani?" Anayejibu "Naitwa Brian" amejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na mzee hurudia swali kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mtoto ana tatizo la masikio. Jibu linalotakiwa ni jina la baba, kisha la babu, kisha mahali kilipo kihamba. Mara nyingi jina la ukoo pekee humaliza kazi: Swai husikika Machame, Mtui Marangu, Shirima Rombo. Baada ya hapo mzee ambaye mjukuu hajawahi kumwona maishani humweleza habari za familia yake vizuri kuliko anavyozijua mwenyewe, ikiwa ni pamoja na mwaka ambao baba yake, anayejulikana Dar es Salaam kama mtu asiyetabasamu, alianguka kutoka kwenye mti wa parachichi usiokuwa wa kwao.

Bibi naye humwita mjukuu wa kiume "mume wangu". Ni utani wa bibi na mjukuu unaojulikana nchi nzima, lakini mjini bibi huonekana kwa nadra na utani hauna nafasi ya kuota mizizi. Kijana wa miaka kumi na tisa hujikuta mbele ya shangazi watano, akidaiwa na mwanamke wa miaka themanini matumizi ya mwaka mzima na maelezo ya kwa nini amemtelekeza. Anayejua hujibu kwamba alikuwa anatafuta mahari. Asiyejua hutoa elfu kumi mfukoni, bibi akaipokea, na utani ukawa umegeuka mapato.

Lugha haimwokoi. Kichagga si kimoja. Cha Machame na cha Rombo vinapishana kiasi kwamba wenye lugha hizo wakikutana hukimbilia Kiswahili. Nyumba nyingi za mjini zina baba wa upande mmoja na mama wa upande mwingine, na watoto wakakulia Kiswahili kwa sababu ya amani. Maneno machache aliyonayo mtoto huwa ameyaokota kwa shangazi na wajomba waliowahi kuishi nao, na hakuna aliyemwambia ni ya upande gani. Akiyatamka mbele ya babu mzaa baba, kwa kujiamini na kwa matamshi aliyoyafanyia mazoezi njia nzima, ukumbi hucheka hadi watu wafute macho. Amesalimia vizuri kabisa, ila kwa lugha ya wakwe.

Kisha kuna suala la njia. Mjini mtu huelekezwa kwa kushoto, kulia, kituo cha mafuta na bango. Mlimani pande kuu ni mbili, juu na chini, na vitu vyote vya ulimwengu viko upande mmojawapo. Kanisa liko juu, soko liko chini, kwa baba mkubwa ni "hapo juu tu". Maneno "hapo juu tu" hayana kipimo. Yanaweza kuwa nyumba ya tatu, na yanaweza kuwa saa nzima ya kupanda kwenye udongo mwekundu uliolowa, njia ambayo mama wa miaka sitini huipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani huku akiongea na simu. Mjukuu aliyevaa raba nyeupe huipita kwa kushika migomba mmoja baada ya mwingine. Wenyeji wakikutana naye hawamcheki. Humpa pole, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mlima wenyewe humtatiza kwa namna nyingine. Ametoka mjini akiwa ameahidi picha za Kibo, kilele chenye barafu na urefu wa mita 5,895, na siku ya kwanza saa tano asubuhi hutoka nje akaona mawingu na mgomba. Huuliza mlima uko wapi. Swali hili huwatia wenyeji wasiwasi, maana anayeuliza amesimama juu yake. Kibo huonekana zaidi alfajiri na jioni, kabla mawingu hayajapanda au yakishatawanyika, na hakuna anayeamka mapema kukitazama isipokuwa mwenye ng'ombe wa kukamua. Wazee wengi wa vijiji vya juu hawajawahi kukifikia kilele, na hawaoni sababu ya kupanda mahali pasipoota ndizi.

Kihambani penyewe kila kitu kina mwenyewe na kina maana, na hapo ndipo ajali kubwa hutokea. Kijiji cha Shimbwe Juu, Wilaya ya Moshi, kimetambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa mfumo huu wa kilimo cha ghorofa, ambamo mti, mgomba, mbuni na mboga hushiriki eka moja bila kugombana. Kwa jicho la mjini ni kichaka. Mjukuu mwenye bidii, aliyechoka kuitwa mvivu, hujitolea kupasafisha.

Hufanya kosa moja, nalo karibu kila ukoo una simulizi yake. Pembeni mwa kihamba kuna mstari wa mimea yenye majani marefu ya kijani, mizuri, iliyosimama kama maua ya hotelini. Ni masale. Isale ni mpaka. Aliyelipanda anaweza kuwa amekufa kabla ya uhuru, na wanaolitazama kila asubuhi wako pande zote mbili. Kijana hushika panga, huweka muziki masikioni, na ndani ya nusu saa hufuta makubaliano ya vizazi vitatu. Akimaliza huyarundika yale majani vizuri na kupiga picha ya kabla na baada. Jirani hufika kabla picha haijamaliza kupanda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hafoki. Huuliza tu kama mzee yupo, kisha hukaa chini, na kukaa huko humtisha babu kuliko matusi.

Isale lina kazi ya pili. Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea isale kuomba radhi, na aliyepelekewa hapaswi kukataa kusamehe. Basi wazee hukubaliana kwamba kijana aombe radhi kwa utaratibu, jambo jema, ila hapa hujitokeza ugumu wa kiufundi: masale ya kwao yote yamelala kwenye rundo, yameshanyauka. Lazima liombwe bichi. Mwenye masale mazuri ya karibu ni jirani yuleyule. Huenda akaombwa, akatoa, akarudi kwake, akangoja, na baada ya dakika kumi akapelekewa isale lake mwenyewe kwa heshima zote, akasamehe. Mpaka hupandwa upya siku ya pili, na inasemekana husogea kidogo, kila upande ukiamini umesogea kuelekea kwingine.

Makaburi nayo yamo kihambani, mara nyingi hatua chache kutoka barazani, yamejengewa na kuwekwa vigae vinavyong'aa. Ni baridi, ni safi, yako kwenye kivuli, na urefu wake unafaa kukalia. Wajukuu wa mjini, ambao makaburi wanayoyajua yako Kinondoni na huyatembelea kwa hofu, hukaa hapo kunywa soda bila habari. Ni kosa ambalo halina adhabu, kwa sababu wakubwa hugawanyika: wengine husema ni utovu wa adabu, na wengine husema babu alipenda watoto.

Maji ya mfongo huleta kesi fupi. Mfongo ni mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto wa mlimani na kuyapitisha kihamba kwa kihamba, kwa zamu. Baba aliyekuja na gari hulikuta limechafuka, huona maji yakipita bure mbele ya geti, hutupia jiwe na fungu la majani ya migomba, na kuosha gari. Maji hayakuwa yanapita bure. Yalikuwa yanakwenda kwa mjane wa chini ambaye zamu yake ilianza saa nane, na ambaye sasa anapanda na jembe.

Chakula hakina vita, ila kina mshangao. Ndizi zipo katika kila umbo. Mtori ni ndizi na nyama vilivyopondwa hadi vikawa supu nzito, chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua na cha kila mtu mwingine anayejifanya mnyonge. Kiburu ni ndizi na maharage, na anayekitazama kwa mara ya kwanza hudhani kimeungua, kumbe ndivyo kilivyo. Siku ya kuchinja hupikwa kisusio, supu yenye damu, na hapa ndipo mabinti wa Mikocheni hutangaza kwamba wanafunga. Hakuna anayewalazimisha. Huwekewa mtori, na bibi hueleza wageni kwamba watoto wa siku hizi wana vidonda vya tumbo.

Kuchinja ni shughuli ya wanaume, na hufanyika mgombani juu ya majani ya migomba. Maini huchomwa papo hapo, na wanaobahatika kuwa karibu hula kabla nyama haijawa na orodha. Baada ya hapo kila kiungo kina mwenyewe kulingana na umri, nafasi na undugu. Kipi ni cha nani hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, na ndani ya ukoo mmoja hutofautiana kulingana na nani yupo. Mjukuu aliyezoea bucha, mahali ambapo kilo ni kilo, huona paja zuri na kuliomba lichomwe. Kimya hupita. Paja hilo tangu mbuzi akiwa hai lilikuwa la mzee ambaye bado yuko njiani, anapanda kwa fimbo, na amekuwa akiliwaza tangu asubuhi. Kijana huambiwa achukue mbavu. Mbavu nazo, zikitazamwa vizuri, zina mwenyewe.

Lakini hakuna mahali ambapo mjukuu huaibika kwa furaha kama kwenye mbege. Pombe hii huanza na ndizi mbivu zilizochemshwa hadi zikawa nyekundu na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Pembeni hutengenezwa uji wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Maji ya ndizi huchujwa na kuchanganywa na uji huo, na magome ya msesewe huongezwa yatie uchungu. Inayonywewa usiku wa kuchanganywa ni tamu. Ya kesho yake ina maoni yake. Rangi ni ya kahawia, juu huelea maganda ya ulezi, na mnywaji stadi huyapuliza pembeni kwa pumzi moja fupi kabla ya kunywa, bila kukatiza maongezi.

Hunywewa kwa kata, kibuyu kilichokatwa, ingawa siku hizi jagi la plastiki limechukua nafasi nyingi. Anayemimina huonja kwanza, ili ijulikane hakuna kitu ndani yake, kisha kata huenda kwa mkubwa, na kutoka kwake huzunguka kwa wengine. Katika mzunguko huu mjukuu hufanya makosa matatu kwa mfuatano ambao haujawahi kubadilika. La kwanza, mmiminaji anapoonja, hudhani ameanza kunywa bila kukaribisha wenzake. La pili, kata ikimfikia hupuliza kwa nguvu kama anayepoza chai, na maganda ya ulezi hutua kwenye shati jeupe la baba mdogo. La tatu hutokana na malezi mema: amefundishwa mjini kwamba ukipewa kitu umalize, usibakize. Kwa hiyo huinamisha kichwa nyuma, na huku wazee sita wakifuatilia kwa macho kupanda na kushuka kwa koo lake, hunywa kata nzima iliyokuwa ya watu wote.

Wazee hawasemi kitu. Mmoja hutikisa kichwa kwa heshima. Kata hujazwa tena, ikazunguka, ikamfikia, na kwa kuwa sasa amejulikana kuwa mtu wa kazi, hakuna anayemzuia. Mbege hainuki ukali kama bia wala haichomi kama konyagi. Huingia kama uji, na miguu ndiyo hupata taarifa kwanza, pale anapojaribu kusimama. Kesho yake asubuhi habari huwa imeshafika kwenye kibanda cha mama lishe chini ya barabara, ikiwa imeongezwa kata mbili, na sifa inayotajwa ni kwamba amefanana na babu yake.

Jumapili humkuta kanisani, Mkatoliki au Mlutheri kulingana na misheni iliyofika kijijini kwanza. Kwenye usharika wa Kilutheri ibada ikiisha watu hawatawanyiki, kwa sababu kuna mnada. Waumini wasio na fedha wameleta sadaka ya mazao: mkungu, mayai, maziwa, miwa, kuku. Mzee wa kanisa mwenye sauti husimama nje na kuviuza, na Desemba macho yake huwa kwa wale waliovaa viatu visivyo na tope. Hapo kuku hafuati bei ya soko. Anayetoka Dar es Salaam akinunua kwa bei ya kawaida, mzee hurudia bei hiyo mara mbili kwa mshangao, akataja kazi yake, akataja na gari, hadi bei ikue.

Anachokosea mjukuu si bei. Hulipa vizuri, hushangiliwa, huchukua kuku wake na kuondoka. Desturi ni kwamba aliyenunua huweza kumrudisha ili auzwe tena, au akamtoa zawadi kwa mchungaji au kwa mama mzee aliyekaa pembeni, na kuku mmoja mwenye bahati huuzwa mara nne na kuliingizia kanisa fedha za bati kadhaa. Mjukuu amemwondoa sokoni akiwa bado ana uhai wa kibiashara. Huteremka naye kifuani, manyoya kwenye suti, hadi nyumbani, na kumkabidhi bibi kama mtu aliyefanya jambo. Bibi humtazama kuku. Kuku humtazama bibi. Ni tetea wake, aliyemkamata alfajiri na kumpeleka sadaka. Huwekwa chini, akaenda moja kwa moja kwenye kiota chake, na kuanzia hapo bibi huhesabu kwamba Mungu amelipwa na kuku amebaki, hesabu ambayo mchungaji hajaombwa kuikagua.

Kati ya Krismasi na mwaka mpya hufanyika kikao cha ukoo. Kina mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na ajenda ambayo kipengele chake cha michango hutangulia vingine vyote. Mkataa kwao ni mtumwa, husema mwenyekiti, na hakuna anayetaka kuwa mtumwa mbele ya binamu thelathini. Huko mjukuu hugundua kwamba amekuwa mwanachama tangu kuzaliwa, na kwamba ada yake ya miaka yote imeandikwa. Hugundua pia kwamba anatarajiwa kujenga. Miteremko hiyo ina nyumba nzuri za vyumba vitano, zenye madirisha ya alumini na sofa ambazo bado zimefunikwa nailoni, na wanaoishi humo kwa miezi kumi na moja ni mlinzi na paka wake. Mtu wa mjini huuliza kwa nini nyumba kubwa hivyo kwa siku kumi za mwaka. Huonyeshwa nyumba ya jirani, ambayo ni kubwa zaidi, na swali huwa limejibiwa.

Kurudi mjini huanza na mizigo. Aliyepanda na begi moja hushuka na mkungu wa ndizi mchare, ndizi za kuiva, magimbi, maparachichi, dumu la maziwa mgando na kilo mbili za kahawa ambayo nyumbani kwao hakuna anayeinywa. Kondakta hutoza kila kimoja. Mjukuu mwenye kalamu hupiga hesabu na kuona kwamba kwa nauli ya mkungu peke yake angenunua mkungu kama huo Mabibo, kwenye soko la ndizi, ukiwa umeshaletwa na lori kutoka kijiji hikihiki. Wachache hujaribu kumweleza bibi hesabu hiyo. Bibi husikiliza hadi mwisho, huafiki kwamba usafiri umekuwa ghali, na humtuma mtoto akakate mkungu wa pili, ili nauli ya huo wa kwanza isiwe imekwenda bure.